Kerezo Halingoji Umeme

Ukipita nyumba kwa nyumba hapa Kazimia utakuta mti wa mviringo kila mahali. Kuna mchi wa kutwangia sombe, yaani majani ya mihogo, mpini wa jembe, mpini wa kafi, miguu ya kitanda, fimbo ya mzee. Ufukweni, boti hupandishwa mchangani juu ya magogo ya mviringo. Vingi kati ya vitu hivyo vimechongwa kwa panga na tezo. Vile vilivyonyooka na kung'aa, kama miguu ya viti yenye pete na mafundo, mara nyingi vimeletwa kwa boti. Nimeona kwa siku moja mbao zikipakiwa ufukweni huku viti vikishushwa. Mti wetu unaondoka kwa bei ya mbao, nasi tunanunua kazi ya mikono ya watu wengine.

Mimi ni fundi wa mbao, mzaliwa wa hapa, kusini mwa rasi ya Ubwari. Vita ya 1996 ilipofika eneo letu la Fizi, upande wa Kongo, watu wengi tulivuka Ziwa Tanganyika kwenda Tanzania, na kambi ya Nyarugusu katika mkoa wa Kigoma ikawa makazi yetu. Ng'ambo ile ndiko nilikojifunza kukereza, kwa mzee mmoja aliyeendesha kerezo lake kwa mguu. Hakuwa na mota wala waya wa umeme, na miguu ya meza aliyoitoa ilifanana minne yote. Tangu niliporudi nyumbani nimekuwa nikiwaambia vijana jambo moja: kerezo halingoji umeme. Wengi huniambia, "Fundi, siku umeme ukifika tutafanya." Ninaandika haya kwa ajili yao.

Mti huzunguka, patasi hutulia

Anayechonga mchi kwa tezo anatafuta mviringo kwa jicho. Anapiga upande huu, anageuza, anapiga ule, na uzuri wa kazi unategemea jicho lake na uvumilivu wake. Kerezo hubadili mpango huo. Kipande cha mti hushikwa kati ya ncha mbili za chuma zinazotazamana, kisha huzungushwa. Patasi hulazwa juu ya egemeo na kusogezwa taratibu kuelekea kwenye mti. Popote patasi inapogusa, umbali kutoka katikati ni uleule pande zote. Mviringo unapatikana kwa sababu ya mhimili, hata fundi akiwa bado mwanafunzi.

Kwa hiyo kerezo linadai mambo matatu. La kwanza, ncha mbili zitazamane sawasawa, na moja iweze kusogezwa ili kupokea vipande virefu na vifupi. La pili, kiunzi kiwe kizito, kisitikisike. La tatu, egemeo la patasi liwe imara na liweze kusogezwa karibu na mti. Hayo yote yanaweza kutengenezwa kwa boriti za mti mgumu, boliti chache na kipande cha chuma kutoka kwa muunganisha vyuma wa mjini Baraka. Nguvu ya kuzungusha ni jambo la nne, na ndilo lenye njia nyingi kuliko yote.

Uta, mguu na injini

Njia ya zamani ni kamba. Kamba huzungushwa mara moja kwenye mti wenyewe, na ncha zake hufungwa kwenye uta. Fundi akisukuma uta, mti unazunguka kumwelekea. Akivuta, unarudi kinyume. Patasi hukata mti unapokuja na huachiwa kidogo unaporudi. Wajenzi wa majahazi wa pwani wanaujua mwendo huo vizuri, maana keekee yao ya kutobolea mbao huendeshwa na uta vilevile. Kule Misri, katika kaburi la kuhani Petosiris huko Tuna el-Gebel, kuna mchoro uliochongwa miaka 300 hivi kabla ya Kristo unaoonyesha watu wawili kwenye kerezo: mmoja anavuta kamba, mwenziwe ameshika chombo cha kukatia.

Katika pwani ya Waswahili, mafundi wa Lamu na Siyu waliifikisha kazi hii mbali. Walikereza miguu ya vitanda, kisha wakaitia rangi mti ukiwa bado unazunguka. Kijiti cha lakiri ya rangi kilikandamizwa juu ya mti, joto la msuguano likaiyeyusha lakiri, nayo ikashika katika mikanda myekundu, myeusi na ya njano. Hawakuhitaji brashi wala jiko.

Ulaya walitumia mti mwembamba unaonyumbuka. Kamba ilitoka kwenye ncha ya mti huo juu ya kichwa cha fundi, ikazunguka kipande cha kazi, ikashuka hadi kwenye ubao wa kukanyagia. Mguu ulivuta chini, mti ukarudisha juu. Uingereza, katika misitu ya Chiltern karibu na mji wa High Wycombe, wakereza miguu ya viti walifanya kazi hivyo hadi karne ya 20. Walijenga kibanda msituni kwenyewe, wakaangusha mti, wakaupasua, wakakereza hapohapo. Miguu ilipokauka waliiuza kwa viwanda vya viti mjini.

Habari ya mafundi wale inatuhusu sana sisi wa Fizi. Mti unapokerezwa, sehemu kubwa yake inabaki chini kama maganda na vipande vya kuni. Anayebeba gogo kutoka mlimani hadi ziwani anabeba pia taka zake, kichwani au kwenye baiskeli, katika njia ambazo mvua huzikata. Anayebeba miguu ya viti anabeba kilicho na bei peke yake. Kerezo la mguu linaweza kufunguliwa, likapandishwa mlimani na kufungwa tena karibu na mti. Mashine ya umeme haiwezi kumfuata fundi huko.

Baada ya mti unaonyumbuka, hatua iliyofuata ilikuwa gurudumu zito. Leonardo da Vinci alichora kerezo la namna hiyo karibu mwaka 1480. Mguu unakanyaga ubao, ubao unazungusha gurudumu kwa mkono wa chuma uliopinda, na uzito wa gurudumu unaendeleza mwendo mguu unapopanda. Mti sasa unazunguka upande mmoja tu, bila kurudi nyuma. Washonaji wetu wanautumia mpango huo kila siku kwenye cherehani. Kwa kazi ya mbao gurudumu la cherehani ni jepesi mno. Langu ni rimu ya gari kuukuu iliyojazwa zege na kuwekwa juu ya rulema (beringi) mbili. Likishika kasi, linapita katika fundo la mti bila kusimama.

Mwenye uwezo atafunga injini. Mashine nyingi za dizeli za kusagia mihogo huzunguka mara 2,000 hivi kwa dakika, na mara nyingi hulala mchana kutwa wateja wakiwa shambani. Puli ya sentimita 10 kwenye injini ikivuta puli ya sentimita 25 kwenye kerezo, mti utazunguka mara 800 kwa dakika. Kwa mguu wa meza wenye unene wa sentimita 10, ngozi ya mti itapita mbele ya patasi kwa mwendo wa zaidi ya mita 4 kwa sekunde. Hiyo inatosha kwa kazi safi. Kipande kikiwa kinene zaidi, au kikiwa bado hakijawa mviringo, punguza mwendo.

Kupasua, kunyoosha, kukausha

Kazi nzuri huanza kabla ya kerezo. Mti wa mpini au wa mguu wa kiti usipasuliwe kwa msumeno ikiwa kabari inaweza kuupasua. Kabari hufuata nyuzi za mti. Msumeno hufuata mstari na kuzikata nyuzi. Mpini ambao nyuzi zake zinatoka upande mmoja na kuishia upande mwingine utavunjika hapo hapo siku jembe litakapogonga jiwe, hata kama umekerezwa ukang'aa.

Baada ya kupasua, kata kipande kiwe mraba, kisha uondoe pembe zake nne ili kiwe na pande nane. Kipimo chake ni rahisi: kwenye mraba wa sentimita 10, weka alama sentimita 2.9 kutoka kila pembe, kisha ondoa pembe kwa randa au tezo hadi kwenye alama. Pande nane zinazobaki zitakaribia kulingana, kila moja sentimita 4.1. Anayechonga mlingoti wa boti hupita njia hiyo hiyo, kutoka pande nne hadi nane, kutoka nane hadi kumi na sita. Mti uliotolewa pembe hautikisi kerezo, wala hauipigi patasi kwa nguvu.

Mti mbichi hukerezeka kwa urahisi, na maganda yake hutoka marefu na laini. Lakini mti ukikauka husinyaa, na husinyaa karibu mara mbili zaidi kwa kufuata duara la pete zake kuliko kwa kuelekea moyo wake. Ndiyo sababu mchi uliokerezwa ukiwa mbichi hugeuka kuwa wa mviringo uliobanwa. Kwa mchi hilo halina madhara. Kwa mguu wa kiti unaoingia kwenye tundu, kereza mara mbili: kwanza ukiwa mbichi na mnene kuliko kipimo, kisha uuweke kivulini penye upepo, na ukishakauka umalize. Usiuanike juani, utapasuka nchani.

Mviringo bila kerezo

Kuna ndugu wa kerezo anayestahili kujulikana. Kwa kuwa kerezo lina urefu wake, haliwezi kutoa fimbo ndefu kuliko kiunzi, na fimbo nyembamba hupinda chini ya patasi. Viwanda vya mipini ya mafagio hugeuza mpango: visu ndivyo vinavyozunguka, ndani ya kichwa chenye tundu, na mti unapitishwa humo moja kwa moja. Unaingia mraba, unatoka mviringo, uwe wa urefu wowote.

Kwa vijiti vya kuungia viti na milango, hata hiyo haihitajiki. Chukua kipande kinene cha chuma, kama bapa la springi ya lori, na utoboe matundu ya vipimo mbalimbali kwa mafundi vyuma. Pasua vijiti vyako kwa kabari, vichonge ncha, kisha uvipige nyundo kupita kwenye tundu kubwa, halafu dogo zaidi. Makali ya tundu yanakinyoa kijiti hadi kifikie unene unaoutaka, na kila kijiti kinalingana na mwenzake. Misumari inaliwa na kutu kando ya ziwa. Kijiti cha mti mkavu kinadumu ndani ya mti.

Kulinda mwili

Kerezo la mguu halina ukali kama la injini, lakini yote mawili yanataka heshima. Mikono ya shati iwe mifupi au ifungwe. Leso, kitenge na kamba ya kofia vikae mbali na mti unaozunguka, na usivae glavu, kwani zikinaswa zitavuta mkono. Zungusha mti kwa mkono mara moja kabla ya kukanyaga, uone kama unagusa egemeo. Usikereze mti wenye ufa. Unapopiga msasa, ondoa egemeo ili vidole visibanwe. Jikinge macho, na ufunge kitambaa puani, hasa ukikereza mvule, maana vumbi lake huwasha ngozi na kusumbua kifua.

Aanzie wapi kijana

Wazazi huniuliza kama kazi hii inaweza kumlisha kijana. Nawajibu kwa kutazama soko la hapa. Kila nyumba inapika sombe, kwa hiyo kila nyumba inataka mchi. Kila shamba linataka mpini, kila mtumbwi unataka kafi. Wanaooana wanatafuta kitanda. Wenye makanisa na misikiti wanajenga, nao wanataka nguzo za ngazi na madirisha. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji kuvushwa ziwa ili kipate mnunuzi.

Kijana aanze na mchi. Hauna pete wala tundu, ukubwa wake hausumbui, na ukiharibika unakuwa mpini. Akiweza kutoa michi inayolingana, aendelee na mpini wa kafi, halafu miguu minne ya kigoda, ambayo italazimika kufanana. Hapo atajitengenezea kipimo cha bati na kujifunza kukiamini kuliko jicho. Kitanda kije mwisho.

Wanaosimamia miradi ya ufundi katika Fizi na Baraka nawaomba nao wafikirie hivi. Mashine ya umeme inayogawiwa mahali pasipo umeme huishia stoo. Boriti nne, ncha mbili za chuma, rulema mbili na rimu ya gari vinaweza kumpa kazi kijana mwezi huu huu, na siku umeme utakapofika Kazimia atakuwa fundi tayari. Mkono uliojifunza kwa kerezo la mguu hauna la kujifunza upya isipokuwa mahali pa kubonyeza swichi.