Motokaa Iliyoondoa Hendeli

Asubuhi na mapema pale Ukunda, mahali njia ya Diani inapokutana na barabara kuu itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga, magari huamka moja baada ya jingine. Matatu za Msambweni, malori ya nazi na maembe, tuktuk za kuchukua wafanyakazi wa hoteli: kila dereva huketi mahali pake, akageuza ufunguo, na injini ikaitika. Hakuna atokwaye jasho. Ni wachache wajuao kwamba wepesi huo ulianza kuenea kwa motokaa ya wenye mali huko Marekani, nayo ni Cadillac ya mwaka 1912.

TAABU YA HENDELI

Kabla ya hapo motokaa karibu zote ziliwashwa kwa nguvu za mkono. Chuma kilichopindwa, kiitwacho hendeli, kilitiwa mbele ya injini, kikazungushwa. Aliyeshika hendeli alitakiwa aivute kutoka chini kwenda juu, na kidole gumba akiweke upande mmoja na vidole vingine, asiikumbatie. Sababu yake ni kwamba cheche ikiwaka kabla ya wakati, injini hurudi nyuma ghafula, na hendeli humpiga mtu kama teke la punda. Watu wengi walivunjika mikono kwa njia hiyo, hata madaktari wakauita mvunjiko mmoja wa kifundo cha mkono kwa jina la madereva.

Katika Afrika ya Mashariki kazi hiyo mara nyingi ilimwangukia msaidizi wa dereva. Yeye ndiye aitwaye tanboi hata leo. Jina hilo limetoka katika Kiingereza, na wengi hulieleza kuwa maana yake ni kijana wa kuzungusha, yaani wa kuzungusha hendeli. Dereva alikaa kitini akingoja, na mkono uliokuwa hatarini ulikuwa wa kijana.

GARI LENYEWE

Kampuni ya Cadillac ilianzishwa mjini Detroit mwaka 1902. Mkuu wake, Henry Leland, alikuwa fundi aliyependa vipimo vya hakika. Mwaka 1908 magari yake matatu yalipelekwa Uingereza, yakafunguliwa vipande vipande, na vipande vyote vikachanganywa. Mafundi wakayaunga tena, bila kuchonga wala kupiga tupa, kisha yakaendeshwa maili 500, yapata mwendo wa kutoka Mombasa hadi Nairobi na kurudi mpaka Voi. Hayakushindwa. Kwa ajili hiyo kampuni ilipewa Kombe la Dewar. Mtu anunuaye spea dukani leo, akaikuta inaingia sawasawa mahali pake, anafaidi ustadi wa namna hiyo.

Gari la 1912 lilikuwa na silinda 4, injini ya lita 4.7, nguvu za farasi zipatazo 40, na gea 3 za kwendea mbele. Bei yake ilikuwa dola 1,800, wakati ambapo Ford ya watu wa kawaida ilipatikana kwa chini ya dola 700. Lakini sifa yake kubwa haikuwa viti wala rangi. Ilikuwa umeme.

FIKIRA YA KETTERING

Wataalamu wengi walidhani kwamba mota ya kuzungusha injini ingekuwa kubwa mno, isiweze kubebwa na gari. Charles Kettering wa Dayton, katika jimbo la Ohio, aliona vingine. Hapo kwanza alikuwa ametengeneza mota ndogo ya kuendesha mashine ya kuhesabia fedha dukani. Alijua kwamba mota ndogo yaweza kutoa nguvu nyingi, mradi ifanye kazi kwa muda mfupi tu, kisha ipumzike. Na injini ya gari haihitaji zaidi ya hapo.

Basi akaunda chombo kimoja chenye kazi mbili. Wakati wa kuwasha, kilichukua umeme wa betri na kuizungusha injini. Injini ilipokwisha kuwaka, chombo kilekile kiligeuka dinamo, kikairudishia betri umeme wake. Umeme huo pia ulitoa cheche za injini na kuwasha taa, hata dereva hakuhitaji tena kushuka gizani na kibiriti ili awashe taa za gesi. Cadillac ikapata Kombe la Dewar mara ya pili.

Magari karibu 14,000 ya namna hiyo yaliuzwa kwa mwaka mmoja, na makampuni mengine yakafuata. Ford ilianza kutia stata katika gari lake mwaka 1919. Hivyo kilichoanza kuwa anasa kikawa haki ya kila dereva, na wengi ambao hapo awali walizuiliwa na uzito wa hendeli, wakiwamo wanawake, waliweza kuendesha wenyewe.

WAJIBU WA DEREVA WA LEO

Hata hivyo, kila wepesi una deni lake. Magari ya siku hizi hayana hendeli. Betri ikifa, abiria hushuka kusukuma, na gari lenye gea za kujiendesha halikubali hata kusukumwa. Hewa ya chumvi ya pwani hula vichwa vya betri upesi. Yafaa visafishwe kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi kidogo, vikaushwe, kisha vipakwe grisi. Tena stata isishikwe zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja. Dereva angoje kidogo kabla ya kujaribu tena, kwa maana siri ya mota ile tangu mwanzo ilikuwa ni kupumzika.

Na tanboi bado yupo. Hupandisha magunia, huweka jiwe nyuma ya gurudumu lori lisimamapo katika mlima wa Kwale, na jina lake ni lilelile. Lakini mkono wake umesalimika.