Gari la Kale na Ila Zake

Mtu anunuaye gari la kale kwa mara ya kwanza aghalabu hulinunua kwa macho, akavutwa na haiba ya madigadi yake na mng'aro wa bampa zake, wala hakumbuki kuuliza ni mikono mingapi iliyokwisha kulifungua na kulifunga kabla halijamfikia yeye. Na swali hilo, kwa rai yangu, lina thamani kuliko umri wa gari lenyewe. Chukua mathalani Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, tena 1957, tena 1962, ikaundwa kwa idadi ipitayo milioni 21 hata ya mwisho ilipotoka katika kiwanda cha Puebla, Mexico, mwezi wa Julai 2003. Chombo kilichostahimili matope na mawe ya mbio zile hakifi kwa uzee peke yake. Hufa kwa waya uliokatwa ukazongwa utepe, kwa nati iliyokazwa kwa koleo mahali pa spana, na kwa kipuri kilichobadilishwa kwa kubahatisha.

Injini ikikataa kuwaka asubuhi, mwenye gari mgeni hukimbilia dukani akanunua betri, asifanikiwe. Akanunua koili, asifanikiwe. Akanunua starta, na kwa kuwa katika kuifunga amezilegeza, akazisugua na kuzikaza upya waya zilizoshika kutu, gari likawaka, naye akaapa mbele ya jirani zake kuwa starta ndiyo iliyokuwa na ila. Fedha imekwenda na elimu haikupatikana. Injini ya petroli, ikiisha pata nguvu ya kuizungusha, haidai ila mafuta yaliyochanganyika na hewa kwa kadiri yake, cheche kwa wakati wake, na mgandamizo ndani ya silinda. Na mwenye kuuliza kwa taratibu ni lipi lililokosekana hajatoa hata senti.

Umeme ndio uwapotezao wageni wengi. Katika Volkswagen betri imefichwa chini ya kiti cha nyuma, na umeme wake hurudi kwa kupitia bodi lenyewe, kwa hiyo kila mahali chuma kinapogusana na chuma ni sehemu ya njia yake, na kutu au rangi mahali hapo ni kizuizi. Kati ya giaboksi na bodi pana ukanda wa shaba iliyosukwa, usioonekana mpaka uingie chini ya gari. Huo ukioza, starta hulia "tk" mara moja ikanyamaza, na watu wote wakailaumu starta. Washa taa za mbele, mwenzako azungushe ufunguo: zikififia karibu na kuzimika, betri ni dhaifu au vichwa vyake ni vichafu, zikibaki ang'avu nawe umesikia ule mlio tu, tazama starta, waya zake, na ukanda ule wa shaba. Mwenye mita ya umeme aweke ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri na ya pili kwenye chuma kitupu cha injini wakati starta inapojaribu kuzunguka. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotea njiani, na dawa yake ni msasa. Magari ya aina hii yaliyoundwa kabla ya miaka ya mwisho ya 1960 aghalabu ni ya volti 6, nayo huudhika upesi zaidi, kwa kuwa taa ya nguvu ile ile huhitaji mkondo maradufu ya ule wa volti 12.

Maradhi yatesayo zaidi ni ya gari linalozimika likiisha pata moto, kisha likipoa likawaka kana kwamba halikuwa na lolote. Yamkini petroli imegeuka mvuke ndani ya bomba. Yamkini koili au kondensa imechoka kwa joto. Fundi wa gereji hana la kukusaidia hapa, maana gari hufika kwake limepoa na ushahidi umetoweka. Chunguza papo hapo kando ya njia: chomoa waya mnene utokao kwenye koili pale unapoingia katika kifuniko cha distributa, ushike kwa koleo lenye mpini wa mpira, ncha yake ikae milimita chache tu mbali na chuma cha injini, pasiwe na harufu ya petroli karibu, na mwenzako azungushe. Ikiruka cheche ya samawati yenye mlio, geukia mafuta. Ikiwa ya manjano na hafifu, au isitoke kabisa, hatia iko upande wa umeme.

Ipo pia taa moja nyekundu ndani ya spidomita, ambayo mtu aliyezoea magari yapozwayo kwa maji huidharau, akadhani inasema juu ya chaji tu na kwamba betri itamfikisha nyumbani. Katika Volkswagen mkanda uzungushao dinamo ndio uizungushao feni ipulizayo hewa juu ya silinda, na ukikatika hakuna rejeta ya kuiokoa injini. Simama mara moja. Mkanda ulio sawa ukiubonyeza kwa kidole gumba huingia kama milimita 15. Ukilegea, hufunguliwa nati ya puli ya dinamo, huku bisibisi imetiwa katika mkato wa puli isizunguke, ikatolewa pete moja nyembamba iliyo kati ya nusu zake mbili ikahamishiwa nje, chini ya nati ile ile, isipate kupotea. Busara iliyoje! Na bado utakuta magari ambayo pete zake zilitupwa na fundi mvivu, na mwenye gari anunuapo mkanda mpya hana cha kuurekebishia.

Mengi katika hayo yaweza kungoja Jumapili, illa mipira ya petroli iliyo juu ya injini yenye moto: ikunje leo, na ikionyesha nyufa ibadilishe yote, kwani magari mengi ya jinsi hii yameteketea kwa sababu hiyo tu. Breki nazo, ikiwa gari lililala miaka, mwachie fundi azijuaye, maana mafuta yake hufyonza unyevu na silinda za magurudumu hushika kutu kwa ndani. Lakini simama karibu naye anapofungua, umwombe kila kipuri cha zamani anachokitoa.