Macho Hayakai Juu Hivyo

Mpe mwanafunzi wa miaka 12 penseli, umwambie ajichore bila kioo. Mara nyingi utayakuta macho yamepanda karibu na nywele, paji la uso limeliwa. Mpime kwa rula: kutoka kidevuni hadi utosini, macho yamekaa karibu katikati kabisa. Watu wazima nao hukosea papo hapo. Yaelekea sababu ni kwamba ubongo humtambua mtu na hali yake hasa kwa macho, pua na mdomo. Utosi hauna la kusema, basi mkono huupunja.

Walimu wengi hutibu kosa hili kwa kugawa umbo la yai lililokwisha kupigwa mistari: macho hapa, pua pale. Yai lenyewe si baya, ila likitangulia, darasa zima hutoka na uso mmoja. Afadhali kila mtoto ajipime kwanza, aandike namba zake mwenyewe.

Kisha kije kioo, chenye maajabu yake. Mwanafunzi asimame mbele ya kioo cha ukutani, afumbe jicho moja, azungushie mpaka wa taswira ya uso wake kwa kipande cha sabuni. Apime. Umbo lililo kwenye kioo ni nusu ya uso wake! Asogee mbele au nyuma kadiri mkono unavyofika, litabaki nusu. Taswira huonekana nyuma ya kioo kwa umbali uleule uliopo kati yetu na kioo, hivyo kioo huwa katikati ya jicho na taswira, na katikati ya njia upana huwa nusu. Mwanahistoria wa sanaa Ernst Gombrich alilieleza hili katika kitabu chake Art and Illusion cha mwaka 1960, akiwahimiza wasomaji wajaribu kwenye kioo cha bafuni chenye mvuke. Wengi hukataa katakata mpaka wapime.

Umri wa kuanza si hoja. Mwaka 1484, huko Nuremberg, Albrecht Dürer, mtoto wa mfua dhahabu, alijichora kwa kioo akiwa na miaka 13 tu. Mchoro huo umehifadhiwa Albertina, Vienna. Alitumia ncha ya madini ya fedha, ambayo mstari wake haufutiki kirahisi, kwa hiyo ilimbidi atazame sana kabla ya kuchora. Ningekuwa mwalimu, ningekusanya raba zote kwa nusu saa ya kwanza.

Picha zikibandikwa ukutani, mchoraji ataridhika na yake huku jirani akisema haijafanana. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1977 uliona watu wakipendelea picha yao iliyogeuzwa kama kwenye kioo, na rafiki zao wakipendelea isiyogeuzwa. Mwalimu na akumbuke hilo kabla ya kutoa alama: yeye pia humwona mtoto kutoka upande wa jirani.