Je, Wajua? Dadu Ikikataa, Hadithi Haijafa

Nikitandaza dadu mezani, hakosekani mtu mzima wa kuuliza, "Mnacheza kamari hapa?" Swali hilo huniudhi kila mara. Kwenye kamari, dadu huamua pesa ziende mfuko gani. Kwenye mchezo wa masimulizi, ambapo kila mchezaji hubeba mhusika wake na msimulizi mmoja hubeba dunia yote iliyobaki, hakuna pesa mezani, na mwisho wa usiku hakuna aliyemshinda mwenzake. Dadu ipo kwa ajili ya swali moja: mhusika huyu amejaribu jambo gumu, sasa kinatokea nini?

Hata wachezaji wenyewe huikosea dadu hapo. Wengi hudhani ina majibu mawili tu, umeweza au umeshindwa. Mazoea hayo yana asili yake. Dungeons & Dragons, mchezo uliofungua njia, ulitolewa na Gary Gygax na Dave Arneson mwaka 1974 huko Lake Geneva, Wisconsin, nakala 1,000 kwa kuanzia, nao ulizaliwa na michezo ya vita. Mshale umempata adui au umempita, basi. Vitani hilo linatosha, maana ukikosa, adui anapata zamu yake na hali inabadilika papo hapo. Taabu huanza hesabu ileile inapopelekwa kwenye kufuli.

Usiku mmoja nilikuwa msimulizi. Mhusika wa mpwa wangu, binti wa miaka 14, alikuwa mwizi aliyepiga magoti mbele ya mlango wa ghala, waya mkononi. Akarusha. Dadu ya nyuso ishirini ikabingirika hadi kwenye sahani ya karanga, ikatulia kwenye 4. Nikasema, "Kufuli haijafunguka." Kimya. Akanitazama. "Nijaribu tena, mjomba?" Akapata 7. "Tena?" Wenzake walikuwa wameshaanza kumenya karanga, mmoja katoa simu. Kila nilichokiandaa kwa ajili ya usiku ule kilikuwa ndani ya ghala, na mimi ndiye niliyeufunga mlango kwa maneno mawili yasiyoongoza popote.

Dadu ya nyuso ishirini ni kitu kizuri, na ni ya kale pia. Jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, linayo ya jiwe kutoka Misri, imechongwa herufi za Kigiriki kila upande. Lakini tabia yake ni kali. Kila uso una asilimia 5 yake, hakuna unaopendelewa. Ukipata 1 leo, ulikuwa na nafasi ileile ya kupata 11 au 20. Haina katikati.

Dadu mbili za kawaida, zile za ludo, zina katikati. Zikirushwa pamoja hutoa michanganyiko 36. Jumla ya 12 ina njia moja tu, sita na sita. Jumla ya 7 ina njia sita: moja na sita, mbili na tano, tatu na nne, kisha zote kinyume chake. Ukichora hesabu hiyo unapata kilima ambacho kilele chake ni 7. Vincent Baker alikitumia kilima hicho katika Apocalypse World, mchezo alioutoa mwaka 2010, akakigawa mara tatu. Ukipata 10 au zaidi, umefanikiwa kikamilifu. Ukipata 7 hadi 9, umefanikiwa, ila kuna gharama. Ukipata 6 au chini, msimulizi anashika usukani.

Hesabu yenyewe inafurahisha. Asiye na ujuzi wala udhaifu ana njia 15 za kushindwa, 15 za kufanikiwa kwa gharama, na 6 za kufanikiwa kikamilifu. Mwongezee nukta moja tu kwa ajili ya ujuzi wake: inakuwa 10, 16 na 10. Jibu linalotoka mara nyingi kuliko yote sasa ni "ndiyo, ila", na "ndiyo, ila" ndilo jibu linalozaa hadithi. Kufuli imefunguka, ila mnyororo umeanguka sakafuni na mlinzi anauliza, "Nani hapo?" Kufuli imefunguka, ila waya umekatikia ndani na kesho asubuhi kila mtu atajua. Hata kwenye 6 au chini, kitu lazima kitokee: mlango unafunguliwa kutoka ndani, na mwenye ghala amesimama na taa.

Michezo mingine ilifika hapo kwa njia zake. Toleo la saba la Call of Cthulhu linamruhusu aliyeshindwa kurudia mara moja, lakini akishindwa tena mambo yanaharibika zaidi. Robin Laws, katika michezo yake ya upelelezi, aliondoa dadu kabisa kwenye kutafuta ushahidi: mwenye ujuzi akitafuta mahali panapofaa, anapewa. Mimi nimebaki na kanuni moja. Nisipoweza kusema kushindwa kutaleta nini, sirushi dadu.

Ushindi nao unahitaji heshima. Msimulizi anayemtaka mchezaji arushe tena kila hatua anaponyata kumpita mlinzi anamdhulumu, hata kama hajakusudia. Nafasi ya nusu kwa nusu ikidaiwa mara tatu hubaki moja kati ya nane. Luke Crane, katika Burning Wheel, aliliandika hili kama sheria: mrusho mmoja, na matokeo yake yasimame hadi hali ibadilike kweli.

Linalonisikitisha ni kuona vijana wakiambiwa kwamba bila mfuko wa dadu saba za plastiki kutoka ng'ambo hawawezi kuanza. Wengine hununua mfuko baada ya mfuko, rangi tofauti, kazi ileile. Wakati huohuo, kabatini mna boksi la ludo lenye ubao uliopasuka linalosubiri kutupwa, na dadu zake ni nzima kabisa.

Dadu hizo zitafundisha uwezekano darasani, zitampa mtoto mkimya sababu ya kuzungumza mbele ya wenzake, zitatumika kwenye mazoezi ya lugha, kwenye kutunga hadithi, usiku umeme ukikatika. Na kama zimepotea, kata karatasi sita, ziandike moja hadi sita, tia kwenye kikombe, chota mara mbili, mradi urudishe ile ya kwanza kabla ya kuchota ya pili.