HESABU YA UMEME KABLA YA MCHEZO

Shikeni kalamu, maana leo tutapiga hesabu.

Vijana sita watakutana usiku nyumbani kwenu. Kila mmoja ataleta kompyuta yake, nao wataziunganisha kwa waya ili washindane katika mchezo mmoja. Je, soketi moja ya umeme itatosha?

Tazameni plagi yenye miguu mitatu. Ndani yake mna fyuzi ya ampea 13. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230. Zidisheni 13 kwa 230, mtapata wati 2,990. Huo ndio mwisho wa mzigo wake.

Kompyuta kubwa ya mchezo pamoja na kioo chake yaweza kula wati 500. Zidisheni kwa 6: ni wati 3,000. Mzigo umepita kipimo, na bado hatujawasha birika la umeme lenye wati 2,000!

Waya uliozidiwa hupata moto. Ukikunjwa au ukifunikwa na mkeka, joto halina pa kutokea, na nyumba yaweza kuungua. Fyuzi ikikatika, imewaonya. Msitie msumari mahali pake.

Basi gawanyeni mzigo: kompyuta tatu sebuleni, tatu chumba kingine. Kila upande ni wati 1,500. Kwanza mwulizeni fundi wa umeme kama nyaya za vyumba hivyo ni mbalimbali. Chai ipikwe kwa mkaa.

Kazi yenu: someni wati zilizoandikwa kwenye kila chombo cha umeme nyumbani, mzijumlishe. Kwaherini.