Uzee wa Cherehani Si Bei Yake

Wengi waliorithi Singer ya miguu huamini kuwa miaka 100 ni mali tosha. Sivyo. Kiwanda cha Singer cha Clydebank, Uskoti, kilichofungwa 1980, kilitoa cherehani kwa mamilioni, na kilichojaa hakipandi bei. Namba iliyogongwa kwenye kitako, upande wa kulia, husaidia kujua mwaka, lakini kinachopanga bei ni hali. Zungusha gurudumu: likikwama, huenda ni mafuta yaliyoganda tu, na mafuta ya taa huyalainisha; lakini nakshi za dhahabu zikifutika, hazirudi. Mbona ughaibuni cherehani hizi huuzwa ghali wakati mwingine? Baadhi hununuliwa kwa ajili ya miguu ya chuma, igeuzwe meza (masikini cherehani!). Lakini fundi wa barazani, asiyetegemea umeme, hulipia mshono ulionyooka.