Mizuka Jukwaani

Mwezi wa Februari, 2022, chuo cha uongozi chenye jina la Mwalimu Nyerere kilifunguliwa Kwa Mfipa, Kibaha. Ni chuo cha vyama sita vya ukombozi, nacho kilijengwa kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China. Tangu hapo husemwa sana habari za Uchina: barabara, viwanda, nidhamu. Habari za mizuka yake hazisemwi, nazo zampasa kila mwanachama kuzijua.

Michezo ya kale ya Kichina imejaa wafu wanaorudi. Katika mchezo wa Guan Hanqing wa karne ya 13, mjane Dou E anauawa kwa hukumu ya uongo. Mzuka wake wamwendea baba yake, aliyekwisha kuwa mkubwa wa serikali, kudai kesi isikilizwe upya. Aliyenyimwa haki duniani aidai kutoka kuzimu, na watu wanyonge huielewa imani hiyo bila kufundishwa.

Mwaka 1961 Meng Chao, mwanachama wa siku nyingi, alitoa mchezo wa Li Huiniang, suria aliyeuawa na waziri dhalimu Jia Sidao, akarudi mzuka kumwokoa kijana aliyefungwa. Ulisifiwa mno. Mwandishi Liao Mosha akaandika kwamba mizuka ya namna hiyo haina madhara. Mwaka 1963 serikali ikaipiga marufuku michezo ya mizuka kwa hoja ya ushirikina. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, maana ushirikina huua watu kwetu pia. Lakini walioushtaki mchezo baadaye hawakusema juu ya ushirikina tu. Walisema kwamba mzuka ule ulikilenga chama. Liao akatiwa gerezani. Meng Chao akafa mwaka 1976 angali na doa, akasafishwa jina mwaka 1979. Kwa maoni yangu, aliyejiona katika sura ya Jia Sidao alijishtaki mwenyewe.

Nasi tunaye Hongo. Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile kilichochapishwa mwaka 1969, anaonyesha mtu akivutwa na pepo huyo ndani ya Rufiji, kisha akiyatilia shaka maji aliyoyatoa. Kitabu hicho kilisomwa mashuleni miaka mingi, wala mwalimu hakuogopa pepo. Kinjeketile wa kweli alinyongwa na Wajerumani tarehe 4 Agosti, 1905. Wa Hussein, akiwa kifungoni, aambiwa ayakane maji, naye akataa, asije mjukuu akaambiwa kwamba babu zake walipigania uongo.